Bendera Katika Majedwali

Mtu aliyezaliwa Bendera mwaka 1958 na hajahama hadi leo amebadilishiwa anwani mara kadhaa bila yeye kuinua mguu. Alizaliwa Kongo ya Wabelgiji, katika jimbo la Katanga, na mji mkubwa wa karibu uliitwa Albertville. Mwaka 1962 kaskazini mwa Katanga ikawa jimbo la peke yake, Nord-Katanga, makao yake makuu Albertville hiyo hiyo. Mwaka 1966 Albertville ikaitwa Kalemie. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, na Katanga, iliyokuwa imeunganishwa tena, ikawa Shaba. Mwaka 1997 Zaire ikaondoka na Shaba ikarudi kuwa Katanga. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne, na kipande cha ziwani kikapewa jina la Tanganyika. Wakati wote huo mto Kyimbi haukuhama, na barabara ya kitaifa namba 5, inayotoka Kalemie kwenda Fizi, Baraka na Uvira, imeendelea kupita palepale, karibu kilomita 120 kaskazini mwa Kalemie.

Kila mara jina lilipobadilika, mahali fulani palikuwa na karani aliyeshika rejista yenye jina la zamani. Wagonjwa waliotibiwa Shaba wakabaki hawana jimbo. Watoto walioandikishwa Albertville wakawa watu wazima wa mji ambao haupo tena kwenye ramani. Shida hii si ya Kongo peke yake, lakini Kongo imeionja kuliko nchi nyingi, na nchi ambayo haijafanya sensa tangu mwaka 1984 haina rejista moja kubwa ya kusahihishia zile ndogo. Ndiyo sababu nataka kuisimulia historia ya kanzidata kutokea Bendera. Vitabu vingi huianzia Marekani, kwenye maabara za IBM, na ni kweli kwamba mawazo makubwa yalizaliwa huko. Ila namna ya kupanga takwimu hupimwa pale ambapo majina hayatulii, watu wanakimbia vita na mtandao unakatika.

Mpangilio wa kwanza ulioifikia Bendera ulikuwa mti. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 iliwapanga wananchi wa Kongo ya Wabelgiji katika sheferi na sekta. Juu yake kulikuwa na teritwari, juu ya teritwari wilaya, juu ya wilaya jimbo, na kileleni Gavana Mkuu huko Léopoldville. Kadi ya mtu ilikaa chini ya kijiji chake, kijiji chini ya chifu, na hesabu ya vichwa ilipanda ngazi hiyo hadi juu ili kodi ishuke kwa njia ileile. Aliyetaka kuhamia kwingine kwa muda mrefu alipaswa kupewa pasi ya kuhama, kwa sababu kadi isingeweza kuwa chini ya machifu wawili. Anayejua kanzidata atautambua mpangilio huo bila kuelezwa: kila kitu kina mzazi mmoja tu, na njia ya kukifikia ni moja, kutoka juu kwenda chini.

Mti una faida yake. Ukitaka kujua jumla ya sheferi, unahesabu matawi yaliyo chini yake, kazi imekwisha. Lakini watu wa upande huu wa ziwa hawakuishi kama matawi. Mvuvi alikuwa na nyumba Kalemie, shamba Bendera na wakwe Fizi, na kaka yake alikuwa Kigoma ng'ambo. Mti ulimlazimisha achague, au ulimchagulia. Alipoondoka bila pasi, hakuhamia tawi jingine. Alitoweka kwenye hesabu. Namna ya kupanga takwimu haikuwa jambo la makarani tu. Iliamua nani anaonekana.

Kabla ya kompyuta kulikuja umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya kikoloni ya Forces de l'Est iliyafunga maporomoko ya Kyimbi pale Bendera. Kituo kilianza kazi mwaka 1959, kikiwa na mitambo miwili yenye uwezo wa takribani megawati 17 kwa pamoja, na waya mkubwa ukavutwa hadi Albertville kuendesha viwanda na kuwasha taa. Kwa hiyo Bendera iliingia katika maandishi ya dola kwanza kama mahali umeme unapotoka. Baada ya uhuru, kambi ya jeshi iliwekwa hapo kukilinda kituo, na kambi hiyo ndiyo iliyoipeleka Bendera kwenye vitabu vya historia ya dunia.

Mwezi Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kundi la Wakuba kuja kuwasaidia waasi wa mashariki. Kila mmoja alipewa jina la Kiswahili, na wale wa kwanza walipewa namba. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Naomba msomaji atulie kidogo kwenye mpangilio huo, kwa sababu kuna elimu ndani yake. Kiongozi hakuwa Moja. Namba haikutaja cheo, wala nchi, wala kazi ya mwenye nayo. Ilimtofautisha tu na mwenzake. Mtu aliyesikia "Tatu" redioni hakuambulia kitu. Hicho ndicho wanafunzi wa kanzidata hufundishwa kwa jina la ufunguo usio na maana: kitambulisho kisichobeba habari yoyote ndani yake, ili habari ikibadilika au ikifichwa, kitambulisho kibaki kilivyo.

Tarehe 29 Juni 1965 Dreke aliongoza shambulio dhidi ya kambi ya Bendera, na wapiganaji wa Kirwanda na wa Kikongo walikuwa pamoja na Wakuba. Lilishindwa. Wakuba wanne walikufa, na mmoja wao alikuwa amebeba shajara. Kupitia maandishi hayo jeshi la serikali na mamluki wake walijua kwamba Cuba imeingia vitani. Namba zilikuwa zimefanya kazi yake vizuri; kilichovujisha siri ni karatasi iliyoandikwa kwa maneno ya kawaida na kubebwa kando ya namba. Watunza kumbukumbu za wagonjwa hadi leo wanapambana na jambo hilohilo: jina limefichwa kwa namba kwenye jedwali, kisha mtu anaandika jina hilo na kijiji chake kwenye nafasi ya maoni.

Wakati huohuo wahandisi wa Marekani walikuwa wakijenga mti wao. Roketi ya Saturn V, iliyokuwa ipeleke watu mwezini, ilikuwa na vipuri visivyohesabika kwa kalamu, kila kipuri ndani ya kifaa na kila kifaa ndani ya sehemu kubwa zaidi. IBM, pamoja na makampuni ya Rockwell na Caterpillar, ilitengeneza programu ya kuvitunza, na mwaka 1968 ikaanza kazi. Baadaye iliitwa IMS. Ndiyo kanzidata ya ngazi inayojulikana kuliko zote, na bado inatumika katika mabenki makubwa. Kwa roketi mti ulifaa, maana parafujo iko ndani ya injini moja, si mbili.

Charles Bachman, akiwa General Electric, alikuwa ameshaliona pengo la mti miaka michache kabla. Mfumo wake wa IDS, wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, uliruhusu kitu kimoja kuunganishwa na wazazi wengi, na takwimu zikawa mtandao wa nyuzi. Yule mvuvi wa Kalemie angepata nafasi humo: uzi mmoja kwenda nyumbani, mmoja shambani, mmoja kwa wakwe. Lakini nyuzi zilikuwa za kufuatwa kwa mkono. Mtengeneza programu alipaswa kujua aanzie wapi, apite wapi na ageuke wapi. Nyuzi zikipangwa upya, programu zote zilizozifuata zilikwama. Bachman alipata Tuzo ya Turing mwaka 1973, na katika hotuba yake alimwita mtengeneza programu nahodha.

Aliyetaka kumpumzisha nahodha huyo ni Edgar Codd, Mwingereza aliyewahi kuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia kabla ya kwenda IBM. Mwezi Juni 1970 alichapisha makala yenye hoja ambayo kwa maneno mepesi ni hii: mwenye kuuliza swali asilazimike kujua njia. Panga kila aina ya jambo katika jedwali lake. Kila mstari uwe na ufunguo. Jedwali moja likitaka kulitaja jingine, litaje ufunguo tu, si mahali lilipohifadhiwa. Kisha muulizaji aseme anachotaka, na mashine yenyewe itafute namna ya kukipata. Wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuulizia mwaka 1974, ambayo leo ni SQL. Huko Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walijenga Ingres, na mradi uliofuata, Postgres, ulianza mwaka 1986. Mtoto wake PostgreSQL ni programu huria, hailipiwi. Jambo hilo la bei lina uzito mkubwa kwa wizara ya afya ya nchi maskini, na ndilo lililoufungulia mpangilio wa Codd mlango wa kuja huku.

Ulikuja kupitia kusini. Mwaka 1994 Afrika Kusini ilikuwa imetoka kwenye ubaguzi wa rangi, na idara za afya zilizogawanywa kwa rangi na kwa bantustani zilipaswa kuwa moja. Fomu zilikuwa nyingi, na kila idara ilihesabu kwa namna yake. Kundi la Cape Town lililoitwa HISP, likifanya kazi na Chuo Kikuu cha Oslo, liliunda programu ya takwimu za afya za wilaya iliyoitwa DHIS juu ya Microsoft Access. Jørn Braa wa Norway alikuwa mmoja wa waanzilishi. Kila ofisi ilikuwa na nakala yake kwenye kompyuta yake. Mwisho wa mwezi faili lilitolewa, likapelekwa juu kwa disketi au barua pepe, na huko likaunganishwa na mengine. Zanzibar ilianza na mfumo huo katikati ya miaka ya 2000. Kizazi cha pili, DHIS2, kiliandikwa upya kwa ajili ya intaneti, na toleo lake la kwanza lilitumika Kerala, India, mwaka 2006.

Hapa kuna tukio la Kenya ambalo nadhani halijapewa heshima yake. Mpango wa awali ulikuwa kuweka nakala ya DHIS2 katika ofisi za wilaya, kama zamani. Mafundi walipojaribu katika Mkoa wa Pwani wakaona modemu za simu zinatosha kuufikia mfumo ulio mbali. Wakaacha nakala nyingi, wakaweka seva moja, na Septemba 2011 nchi nzima ilikuwa ikiingiza takwimu mahali pamoja. Karani wa Kwale na ofisa wa Nairobi walitazama jedwali moja kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo hakuna nchi ya kusini mwa Sahara iliyokuwa imefanya hivyo kwa taifa zima. Tanzania Bara ilifuata, na mwishoni mwa mwaka 2013 wilaya zake zote zilikuwa ndani.

Kongo ikaja katikati ya miaka ya 2010, ikiacha programu zake za awali zilizokaa kwenye kompyuta za ofisi. Mzigo ulikuwa mkubwa. Nchi ina zoni za afya 519, na jimbo la Tanganyika peke yake lina 11. Bendera iko katika zoni ya Nyemba, ndani ya teritwari ya Kalemie. Chini ya zoni kuna maeneo ya afya, na chini ya maeneo kuna vituo. Ndiyo, mti tena. Ila safari hii mti umeandikwa ndani ya jedwali, na hilo ndilo lililobadilisha kila kitu.

Tuangalie kwa karibu. Tuseme kituo kimetibu watoto 47 wa malaria walio chini ya miaka mitano mwezi Machi 2019. Muuguzi mkuu wa kituo anahesabu mistari ya rejista kwa bic, anajaza fomu ya mwezi, ile inayoitwa kanevasi, na kanevasi inapelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni. Huko mtu anakaa mbele ya kompyuta na kuandika 47 ndani ya kisanduku. Kwenye seva unazaliwa mstari mmoja katika jedwali la thamani. Mstari huo hauna neno Bendera, wala malaria, wala Machi. Una namba ya jambo lililohesabiwa, namba ya kipindi, namba ya mahali, namba ya mgawanyo wa umri, kisha 47, jina la mtumiaji aliyeingiza, na saa aliyoingiza. Nini, lini, wapi. Kila kitu kingine kimewekwa katika majedwali mengine na kinatajwa kwa ufunguo tu.

Jedwali la mahali ndilo lililobeba mti. Kila mstari wake ni sehemu moja: kituo, eneo, zoni, jimbo au nchi, na una safu inayomtaja mzazi. Kila sehemu ina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, kilichochaguliwa na mashine bila kufuata maana yoyote. Wizara ikikibatiza kituo jina jipya, kinachobadilika ni safu moja ya mstari mmoja. Jimbo likigawanywa, zoni inapewa mzazi mwingine, na thamani zote zilizowahi kuandikwa zinabaki zilipo. Nchi ilipotoka majimbo 11 kwenda 26 mwaka 2015, kwenye karatasi hiyo ilikuwa kazi ya mihuri mipya, fomu mpya na makabati mapya. Kwenye jedwali ilikuwa kazi ya kuwabadilisha wazazi. Hesabu ya malaria haikuguswa, kwa sababu haikujua kamwe kwamba iko Katanga.

Nakiri kwamba nikifikiria kadi za sheferi na watu waliotoweka kwa kuvuka mpaka wa chifu, mpango huu unanigusa. Mahali pamepewa uhai wake, na jina la aliyetawala halikuandikwa kwenye mwili wake.

Lakini mpango huohuo una dosari, na afadhali isemwe waziwazi. Mti wa DHIS2 ni mti wa leo. Ukiomba takwimu za mwaka 2014 kwa majimbo, Bendera itahesabiwa chini ya Tanganyika, jimbo ambalo mwaka ule halikuwapo. Kwa mtu anayepanga chanjo hilo ni jema, maana anaweza kulinganisha mwaka na mwaka kwa mipaka ileile. Kwa mwanahistoria ni hasara, kwa kuwa ripoti iliyochapishwa Lubumbashi wakati wa Katanga moja haitapatana tena na jumla ya mashine, na mashine haitamwambia sababu. Nchi ambayo imebadilisha mipaka mara nyingi kiasi hiki ingepaswa kuihifadhi miti yake ya zamani pamoja na tarehe zake. Si kazi ngumu: mstari wa uzazi ukipewa mwanzo na mwisho, mti wa kila mwaka unapatikana.

Dosari nyingine iko kwenye sifuri, nayo ni hatari zaidi. Kalemie ni mji wa ziwa ambako kipindupindu hurudi mwaka baada ya mwaka. Mwezi ambao kituo hakikupata mgonjwa hata mmoja wa kipindupindu, muuguzi anaandika sifuri. Kwa mpangilio wa kawaida wa DHIS2, sifuri haihifadhiwi. Mstari hauzaliwi kabisa, ili seva isijae maelfu ya sifuri. Mtengenezaji anaweza kuamuru sifuri ya jambo fulani ihifadhiwe, lakini lazima akumbuke kuamuru. Asipokumbuka, anayeangalia jedwali hilo peke yake hatofautishi kati ya mwezi ambao hakukuwa na kipindupindu na mwezi ambao kanevasi haikufika kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa. Ukimya wa kituo chenye afya na ukimya wa kituo kilichokimbiwa na watu unafanana. Ndiyo sababu kuna jedwali jingine linaloandika kama fomu ilikamilishwa, na ofisa mwangalifu hufungua hilo kwanza. Kuanzia mwaka 2016 na 2017, mapigano kati ya wanamgambo wa Watwa na wa Waluba yalipoendelea na mamia ya maelfu ya watu wa Tanganyika wakahama makwao, tofauti hiyo ya kimya na kimya ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Sasa tufike kwenye seva. Wengi hudhani mpangilio wa majedwali ndio kanzidata yote, kumbe nusu ya historia yake ni swali la wapi kila kitu kinakaa. Kenya iliweka seva moja kwa sababu modemu zilishika. Kongo iliiga muundo, lakini haikuiga minara ya simu. Ndiyo maana karatasi bado ni sehemu ya mfumo: kati ya kituo na zoni, mtandao ni mkoba na pikipiki. Kanevasi inasafiri, inarundikana na nyingine mezani kwenye ofisi ya zoni, inaingizwa siku mtandao unaporuhusu. Hata ikishaingizwa haionekani mara moja kwenye grafu. Seva ina jedwali moja la kuandikia na mengine ya kusomea, yaliyokwisha kujumlishwa kwa zoni, jimbo na nchi, na hayo ya kusomea hujengwa upya kwa ratiba, kwa kawaida usiku. Bila mgawanyo huo ripoti moja ya taifa ingewakwamisha wote wanaoandika. Kuna jambo la kulitafakari katika safari hii: kompyuta za Kalemie zinaendeshwa na umeme wa Kyimbi. Maji ya Bendera yanatuma nguvu mjini kwa sekunde, na hesabu ya wagonjwa wa Bendera inaifuata baada ya siku nyingi kwa barabara.

Ili kuelewa kwa nini seva moja ilichaguliwa pamoja na taabu zake zote, tazama daftari la wapiga kura, lililopita njia nyingine. Mwaka 2005 tume ya uchaguzi ilisambaza nchi nzima masanduku yenye kompyuta, kamera na kifaa cha alama za vidole. Kila sanduku lilikuwa kanzidata kamili iliyojitegemea: ilimwandika mtu, ikampa kadi papo hapo, na rekodi zikasafirishwa baadaye Kinshasa. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa, na kadi ile ikawa kitambulisho cha kila siku cha Wakongo kwa miaka mingi, kwa kuwa hakikuwapo kingine. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini masanduku hayakuzungumza. Aliyejiandikisha hapa na kesho kutwa kule alipata mistari miwili yenye funguo mbili, na hapakuwa na wa kugundua hadi rekodi zote zikutane. Kwa uchaguzi wa mwaka 2018, tume iliandikisha zaidi ya milioni 46, ikaondoa zaidi ya milioni 5 waliojirudia na karibu laki tisa wasiotimiza umri, ikabaki na milioni 40 na kidogo. Wakaguzi wa jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa walieleza kwamba asilimia 16.6 ya waliobaki hawakuwa na alama za vidole kwenye rekodi, nao upinzani ukauliza, kwa haki kabisa, hao ni akina nani. Mfumo wa kuandika kila mahali na kuunganisha baadaye unahitaji kitu kimoja kisichokosekana katika kila rekodi. Pale kikikosekana, ubishi wa kitaalamu unageuka ubishi wa kisiasa, na hakuna jedwali litakaloumaliza.

Miundo hii miwili sasa inakaribiana. DHIS2 ina programu ya simu ambayo hubeba kanzidata ndogo ndani ya simu yenyewe. Muuguzi anaandika akiwa hana mtandao, simu inahifadhi, na siku akifika penye mnara rekodi zinapanda kwenye seva. Sanduku la mwaka 2005 limerudi, dogo la kutia mfukoni, isipokuwa safari hii kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 kinatolewa mapema na kinabaki kilekile kutoka simuni hadi seva. Kwa vituo vya barabara ya Fizi naona huu ndio muundo unaostahili fedha. Kusubiri minara ijengwe kwanza ni kuwaambia watu wa milimani wasubiri kuhesabiwa.

Na kuhesabiwa kwenyewe kunabadilika. Kanevasi inasema watoto 47. Haisemi ni watoto gani, wala kama yule wa Februari ndiye aliyerudi Machi. DHIS2 ina sehemu ya pili inayomfuata mtu mmoja mmoja: jedwali la watu, jedwali la sifa zao, jedwali la kujiunga kwao na mpango fulani, na jedwali la ziara. Mtoto anapewa mstari wake, na chanjo zake zinaning'inia kwenye mstari huo. Kwa nchi ambayo mwaka 2019 ilipigwa na surua mbaya kuliko zote duniani, na watu zaidi ya 6,000 wakafa, wengi wao watoto wadogo, kujua nani amechanjwa na nani bado ni jambo la uhai.

Hapo mti wa zamani unajitokeza tena, mahali ambapo Codd hakuufukuza. Haki za mtumiaji katika DHIS2 hufuata mti: muuguzi anapewa sehemu anazoweza kuandika, sehemu anazoweza kuona na sehemu anazoweza kutafuta, na kila ruhusa inashuka kwenye matawi yaliyo chini yake tu. Kinga hiyo ni ya lazima. Si kila mtu afungue rekodi za kila mgonjwa wa nchi. Lakini Bendera iko karibu na mpaka wa Kivu Kusini, na risasi zikilia, watu hukimbia kuelekea Fizi kama wanavyokimbia kuelekea Kalemie. Mama anayefika kituo cha Fizi na mtoto aliyechanjwa Bendera anakutana na muuguzi ambaye tawi lake liko chini ya jimbo jingine. Mtoto yumo kwenye seva, mstari mmoja, kitambulisho kimoja. Kama muuguzi hakupewa ruhusa ya kutafuta hadi Nyemba, utafutaji wake unarudi mtupu, anafungua mstari mpya, na mtoto anakuwa wawili. Ruhusa hiyo hutolewa na msimamizi wa mfumo, kwa kuchagua matawi katika mpangilio wa mtumiaji mmoja mmoja, na zoni za pande mbili za mpaka ule zinaweza kuchaguliwa pamoja leo hii bila kubadilisha jedwali hata moja.